Samaki Kambini Kwenye Makazi ya Dubu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba samaki akifungwa barabara ndani ya mifuko miwili ya plastiki, dubu hatamnusa. Mfuko hupunguza harufu bila kuimaliza, na mikono iliyomshika samaki ndiyo hiyo hiyo inayofunga mfuko na kuupaka ute wake kwa nje. Kwa mnyama mwenye pua kali kama dubu, juhudi za kumficha samaki ni bure; la muhimu ni kwamba dubu akifika asiambulie kitu, kwa sababu aliyeonja samaki wa kambini mara moja hurudi, na mara nyingi mwisho wake ni kupigwa risasi. Ndiyo maana nchini Marekani makopo na makasha ya kuhifadhia chakula hujaribiwa kwa kupewa dubu walio kifungoni, na lile linalostahimili dakika 60 za kung'atwa na kukanyagwa ndilo huidhinishwa. Kasha la barafu la kawaida halifiki huko, na hata lililoidhinishwa halifai kitu bila kufuli zake.

Wengine humwacha samaki mtoni, amefungwa kamba, wakidhani maji baridi yatamtunza hadi asubuhi. Huko Alaska, samoni wanapopanda mito, ukingo wa mto ndio meza ya dubu wenyewe. Isitoshe, samaki aliyekufa huharibika haraka zaidi maji yanapozidi nyuzi 4 za Selsiasi.

Je, matumbo yafukiwe? Hapana. Dubu wa kahawia ana kucha ndefu na nundu ya misuli mabegani, na kuchimba mizizi na panya wa ardhini ni kazi yake ya kila siku. Kuyachoma kwa moto wa kuni huacha mabaki yanayonuka. Mahali pengi hushauriwa kutoboa kifuko cha hewa cha samaki ili mabaki yazame, kisha kuyatupa kwenye maji yenye kina au yaendayo kasi, mbali na kambi, lakini kanuni hutofautiana na ni lazima ziulizwe kabla ya safari: katika kambi ya Brooks, Hifadhi ya Katmai huko Alaska, samaki hasafishwi mtoni kabisa.

Dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu hainyunyiziwi hema wala mizigo. Imetengenezwa kwa ajili ya uso wa dubu anayeshambulia, na mabaki yake yameonekana kuwavutia dubu.

Kopo liwekwe takribani mita 90 kutoka hemani. Penye miti, mfuko unaweza kuning'inizwa mita 3 juu na zaidi ya mita 1 kutoka shinani. Kwenye tundra, yaani nyika ya baridi isiyo na miti, uzio mdogo wa umeme husaidia. Nguo alizovaa mvuvi akisafisha samaki zilale huko huko kwenye kopo, si hemani.