Mke si mlinzi wa zamu

Mke wa askari mmoja hapa Mtongwe alinieleza desturi za nyumba yake, tena kwa fahari kidogo. (Nimechanganya mambo ya wanawake watatu, asitambulike hata mmoja.) Kuku hachinjwi uani. Mlango haubamizwi. Kukiwa na harusi yenye fataki, madirisha yanafungwa mapema na televisheni inaongezwa sauti. Sokoni anaenda yeye, shuleni yeye, mazishini yeye, na akiulizwa hujibu, "Baba watoto yuko zamu."

Baba watoto yuko chumbani, ameukodolea macho mlango. Mwenye zamu ni mkewe.

Tangu jeshi letu la Kenya lilipoingia Somalia Oktoba 2011, nyumba za namna hii si chache. Majina kama El Adde, Januari 2016, na Kulbiyow, mwaka mmoja baadaye, kambi zetu za Somalia zilizoshambuliwa na al-Shabaab, hayahitaji kufafanuliwa hapa kambini. Lakini si lazima mtu awe alikuwa kwenye mashambulizi yale. Wapo waliookota miili ya wenzao tu, na hilo linatosha.

Kiwewe ni hatari iliyokwisha ambayo mwili haujaarifiwa kuwa imekwisha. Mambo yanamrudia askari usingizini na mchana, anakwepa kila kinachomkumbusha, anashtuka kwa dogo, hasira iko karibu, furaha haiingii. Hali hii ikipita zaidi ya mwezi, na kazi au ndoa ikaanza kuyumba, apelekwe kwa mtaalamu. Mtaani watasema ana jini. Sina ugomvi na dua. Wapo wanaotulia wakisomewa. Ugomvi wangu ni na anayemwambia aache dawa.

Sasa nirudi kwa zile desturi, kwa sababu hapo ndipo mapenzi yanapolisha ugonjwa. Kila mke anapomkinga mumewe na feri ya Likoni, ile ya kuvukia kisiwa cha Mombasa, mume hupata nafuu usiku ule. Lakini moyo wake nao unajifunza kitu: kumbe kweli feri ni hatari, ndiyo maana tumeikwepa. Hapati nafasi ya kuona vingine. Dunia yake inapungua, kwanza feri, halafu soko, halafu sebule.

Desturi hizi haziondolewi kwa siku moja, wala mke asijifanye daktari. Mume na mtaalamu wake huchagua jambo moja dogo, na mke huacha kulifunika hilo moja tu. Mengine yasubiri.

Usiku ni habari nyingine. Akipiga kelele ndotoni usimtikise, utapigwa ngumi ambayo hakukukusudia. Simama mbali na mikono yake, washa taa, mwite kwa jina, mwambie yuko nyumbani.

Ila ngumi za mchana, akiwa macho, ni kitu kingine. Kiwewe kinaeleza hasira. Hakimpi mtu ruhusa ya kupiga. Namba ya 1195, ya msaada kwa wanaopigwa nyumbani, ni ya bure. Na akitaja kujiua usimwache peke yake: twaa mtu wa kukusaidia, mpelekeni hospitali iliyo karibu usiku huohuo.

Na mke mwenyewe? Wanaonijia huja na kichwa kinachouma, presha, usingizi wa kuku. Wameanza kushtuka kama waume zao. Sisi watu wa Pwani tumelelewa na stara, na jeshi nalo lina siri zake, kwa hiyo mwanamke huyu amefungwa midomo mara mbili. Simwambii atangaze. Namwambia amjulishe mtu mmoja. Kuna chama ninachokifahamu ambacho, pesa zikishahesabiwa, wake wa askari hubaki nusu saa zaidi. Hakuna agenda. Wengine hulia, wengine husinzia tu, na kusinzia kwao nakuhesabu kuwa matibabu.

Yule wa fataki alimwambia dada yake. Kisha mumewe akachagua feri, Jumapili asubuhi, watu wakiwa wachache. Jumapili ya kwanza waliishia kwenye lango. Ya pili vilevile. Ya tatu akanipigia simu: walivuka, mume kalowa shati zima kwa jasho, wakanunua njugu upande wa kisiwani, wakarudi. Akasema njugu zenyewe zilikuwa zimeungua.