Chumvi kugeuza moto kuwa wa njano si dalili ya plastiki

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: nyunyiza chumvi kwenye moto wa jiko la gesi, ukigeuka njano, chumvi hiyo ina plastiki. Si kweli. Hata chumvi safi kabisa itautia moto rangi hiyo.

Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini. Katika joto la moto, elektroni ya nje ya atomu ya sodiamu, yaani chembe ndogo sana iliyo pembezoni mwa atomu, hupokea nishati na kupanda ngazi ya juu ya nishati. Haikai huko. Hushuka papo hapo, na nishati iliyopokea hutoka kama mwanga. Umbali kati ya ngazi hizo haubadiliki, kwa hiyo rangi nayo ni ileile: mwanga wa njano wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 589.

Jaribu na magadi, yale ya kulainishia maharage. Chembe chache tu zatosha, na uso uwe mbali. Utaona njano ileile, kwa sababu magadi nayo yana sodiamu.

Watu huchanganyikiwa kwa kuwa plastiki pia huwaka njano. Lakini hiyo ni njano ya chembe za masizi zilizopata moto. Plastiki ikichomwa huyeyuka kwa joto, hutoa moshi na kunuka vibaya.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mwenye shaka na chumvi yake aikoroge kwenye glasi ya maji: chumvi huyeyuka majini, plastiki haiyeyuki majini.