Siku moja tu, kisha nalala

Kazi yangu ni kubuni gemu, na sehemu ninayoshughulika nayo zaidi haionekani kwenye picha za matangazo, maana ninachopanga ni muda. Ni mimi ninayeamua mche uchukue siku ngapi kukomaa, duka lifungwe saa ngapi, na mchezaji akitaka kutoka atokee wapi. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini hizi gemu za kijijini, zisizo na risasi wala mbio, zinamfanya mtu mzima mwenye kazi ya kuamkia akeshe akimwagilia koliflawa za bandia, sianzi na rangi zake za kupendeza wala muziki wake mpole. Naanza na kitanda.

Chukua Stardew Valley, gemu ya kulima shamba kijijini iliyotoka Februari 2016 baada ya Eric Barone kuitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka 4. Programu, michoro, muziki na mazungumzo, vyote ni vyake. Siku ya kule huanza saa 12 asubuhi, na usipokuwa umelala ikifika saa 8 usiku, unazirai papo hapo ulipo. Kila dakika 10 za kule ni kama sekunde 7 za huku, kwa hiyo siku nzima ukiicheza bila kuisimamisha huchukua kama dakika 14. Nani hana dakika 14? Hata aliyechelewa kulala anazo.

Sasa angalia inavyoseva, yaani inavyohifadhi ulipofikia. Kwenye kompyuta, inaseva ukilala tu. Unapanda kitandani, unakubali kuimaliza siku, hesabu ya mauzo inapita mbele yako, kazi yako inahifadhiwa. Hapo ndipo ungetegemea giza na kimya. Badala yake unaamshwa. Ni saa 12 asubuhi, nguvu zimejaa tena, huenda kuna barua kwenye sanduku, na pasinipi, mboga ya mizizi kama karoti, ulizopanda siku 4 zilizopita zimekomaa pale pale nje ya mlango, zinasubiri kung'olewa. Mlango wa kutokea umewekwa ndani ya asubuhi ya kesho. Dakika ambayo unaweza kuondoka bila kupoteza chochote ndiyo hiyo hiyo ambayo kijiji kinakupa sababu nyingi kuliko zote za kubaki. Ukisema uondoke mchana, katikati ya kazi, jasho lote la siku hiyo linafutika. Ukisubiri ulale ili useve, unaamka ukiwa na shamba la kuvuna.

Sidhani kama Barone aliutega huu mtego kwa makusudi. Siku inayoishia kitandani aliirithi kutoka Bokujō Monogatari, gemu ya Yasuhiro Wada iliyotoka Japani Agosti 1996 na ambayo Wamarekani waliijua kwa jina la Harvest Moon. Wada alikulia mashambani Miyazaki, akahamia Tokyo, na akiwa huko mjini ndipo alipotaka kutengeneza gemu isiyo na mapigano. Ni kijiji kilichokumbukwa na mtu aliyekihama, na kijiji cha namna hiyo siku zote hutoka kitamu kuliko kile chenyewe. Hakuna mbu, na jembe halitoi malengelenge.

Lakini kitanda peke yake hakitoshi. Ningekupa siku za dakika 14 zilizo tupu, ungezima mashine siku ya tatu. Kinachokaza kamba ni saa nyingi zinazotembea kwa pamoja bila kufika pamoja. Pasinipi ni siku 4, kiazi 6, koliflawa 12. Mvinyo kwenye pipa ni kama wiki moja. Seremala akikupanulia nyumba anachukua siku 3. Mhunzi akikuboreshea chombo anakaa nacho siku 2. Juu ya hizo zote kuna msimu wenye siku 28, na ukiisha, mazao yasiyo ya msimu unaofuata yanakufa shambani. Siku yoyote utakayosema "leo naachia hapa", utakuta kitu fulani kimebakiza siku moja. Siku hiyo moja ukiipita, kingine nacho kimebakiza moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kopo la kumwagilia maji. Unataka kulifanya la shaba, ila ukimpa mhunzi unakaa bila kopo, na mche usiomwagiliwa haukui siku hiyo. Basi mchezaji anajifunza kuwasha televisheni ya ndani ya gemu kila asubuhi, asikilize utabiri wa kesho. Siku inapotabiriwa mvua, anamwagilia shamba zima haraka haraka, anakimbia hadi kwa mhunzi kabla hajafunga saa 10 jioni, anamkabidhi kopo. Kesho yake mvua inamfanyia kazi. Keshokutwa kopo liko tayari. Hakuna aliyemfundisha. Hakuna medali wala fataki. Amesoma hali ya hewa, amepanga, na mpango umekubali. Nimewahi kuona watu wakisimulia mpango huu kwa fahari ambayo kazini kwao hawaipati mwezi mzima, na siwacheki, kwa sababu nami nilisimulia hivyo hivyo.

Wanaoandika kuhusu gemu wakifika hapa humtaja mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik na utafiti wake wa 1927, kwamba kazi iliyokatizwa hukumbukwa kuliko iliyokamilika. Mimi naona wanabisha mlango wa jirani. Mchezaji hana shida ya kukumbuka koliflawa, shida yake ni mkono kurudi. Hilo alilichunguza mwenzake Zeigarnik, Maria Ovsiankina, aliyekuwa naye chini ya mwanasaikolojia Kurt Lewin kule Berlin. Mwaka 1928 alichapisha uchunguzi wake kwamba watu waliokatizwa kazi, wakiachwa bila kuamriwa lolote, huirudia wenyewe ili waimalize. Jina lake ni gumu kulitamka, labda ndiyo maana hatajwi. Ila sisi tunaopanga siku za mazao tunakula jasho lake.

Sasa linganisha na Animal Crossing, gemu nyingine ya kijiji, ambayo watu huiweka kapu moja na Stardew Valley wakati utamu wake unakwenda kinyume kabisa. Hii ilianza Japani mwaka 2001 kwenye mashine ya gemu ya Nintendo 64. Katsuya Eguchi, aliyeianzisha, alikuwa amehama Chiba kwenda Kyoto kufanya kazi, akawa mbali na familia na marafiki. Humo saa ni ya kweli. Kukiwa usiku kwako, ni usiku kijijini. Katika New Horizons, toleo la Machi 2020, duka kwa kawaida linafunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, na ukija saa 5 umekuta limefungwa. Daraja ulilolilipia litakuwa tayari kesho, na kesho hiyo ni kesho ya kalenda ya ukutani. Visukuku vya kuchimba ni vichache kwa siku, vikiisha vimeisha.

Kwa maneno mengine, Stardew Valley haikuachi uende, Animal Crossing inakufukuza kwa adabu. Ya kwanza inakumaliza usiku mmoja. Ya pili inachukua nusu saa tu, lakini inaichukua kila siku, asubuhi baada ya kupiga mswaki, kwa mwaka mzima. Kibiashara sijui mbunifu yupi asingechagua ya pili. Na kwa kuwa vilivyomo dukani hubadilika kila siku, na bei ya turnipi, mboga ya mizizi unayonunua ili uiuze, hubadilika mara mbili kwa siku, kila ukifungua unafungua bahasha. Turnipi unazinunua Jumapili asubuhi, na zikifika Jumapili inayofuata hujaziuza zinaoza. Bei ya kati ya wiki inaweza kukutajirisha au kukukausha. Tuambiane ukweli, hiyo ni kamari iliyovalishwa aproni ya bibi, isipokuwa sarafu zake haziji kukudai mfukoni.

Deni la Animal Crossing nalo lina utamu wake. Nyumba ya kwanza unaidaiwa sarafu 98,000, ukilipa inapanuliwa, unadaiwa 198,000, kisha 348,000, na inapanda hivyo hadi karibu milioni 2 na nusu. Mkopeshaji hatozi riba, hana tarehe ya mwisho, hatumi mtu. Ni mkopo ambao kila mtu angeutamani. Ndiyo sababu watu wanaulipa kwa furaha, huku mikopo yao halisi ikiwanyima usingizi.

Wanakijiji nitawapitia kwa haraka, si kwa sababu hawana maana ila kwa sababu sifa zao zimeshaimbwa sana. Unampa mtu zawadi anayoipenda, anafurahi. Ukimpa tena, anafurahi tena. Hakuna siku anaamka na kinyongo usichokijua chanzo chake. Urafiki unaofuata kanuni ni pumziko kubwa kwa mtu aliyechoka kukisia nyuso za watu.

Nataka niseme neno kuhusu FarmVille, maana ndiyo iliyotuharibia jina. Ilikuja Facebook Juni 2009, ikafungwa siku ya mwisho ya 2020. Kwa mbali ilikuwa ile ile: shamba, mbegu, kuvuna. Stroberi zilichukua saa 4 za kweli. Lakini ukichelewa kurudi, mazao yalinyauka. Hapo ndipo ninapochora mstari wangu. Katika Stardew Valley usipomwagilia, mche unangoja tu, umepoteza siku, mche haujafa. Ukiiacha miezi sita, unakuta shamba kama ulivyoliacha. Animal Crossing ukiitelekeza utakuta magugu na mende ndani ya nyumba, na jirani atakuambia ulipotea, jambo linalochoma kidogo, lakini dakika chache za kung'oa na kukanyaga zinatosha. FarmVille ilikuwa inakuamsha usiku wa manane kuokoa stroberi. Mchezaji harudi kwa sababu kumenoga. Anarudi kwa sababu asiporudi atapata hasara. Mimi mwenyewe niliwahi kuombwa na bosi wa kampuni moja niandike mfumo kama huo, na niliuandika, na ulifanya kazi vizuri sana. Siuweki kwenye orodha ya kazi zangu.

Ndiyo maana neno uraibu linanitatiza. Wachezaji hulitumia kama sifa, "gemu hii ina uraibu balaa", huku Shirika la Afya Duniani likiwa na maana nyingine kabisa. Ugonjwa wa gemu umo kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na masharti yake ni mazito: mtu ameshindwa kujidhibiti, gemu imetangulia mambo mengine yote ya maisha, anaendelea licha ya madhara, na kwa kawaida hali hiyo imekaa kama mwaka mzima. Kukesha Ijumaa moja kwa ajili ya koliflawa hakufiki huko. Watafiti wa Oxford mwaka 2020 waliomba takwimu halisi za saa za kucheza kutoka kwa kampuni zenyewe, badala ya kuwauliza watu wakisie. Kati ya wachezaji 3,274, wakiwemo wa Animal Crossing, waliocheza zaidi walijisikia vizuri kidogo zaidi. Utafiti wao mkubwa wa 2022, wenye watu karibu 39,000 na gemu 7, ulikuta saa zenyewe karibu hazina athari. Kilichokuwa na uzito ni sababu ya kucheza. Anayecheza kwa kupenda alikuwa upande mmoja, anayecheza kwa kujihisi analazimika upande mwingine. Nilipousoma nilizikumbuka zile stroberi.

Mwaka fulani, kwenye gemu ya kijiji tuliyokuwa tunaitengeneza watu wachache, nilijaribu kuuhamisha ule mlango wa kutokea. Tulifanya iseve jioni, mchezaji akifika tu barazani kwake, kabla ya kulala. Jua linazama, chura wanaanza, taa ya dirishani inawaka, na maandishi madogo yanakuambia kazi yako imehifadhiwa. Nilijivunia sana. Nilidhani watu watatoka hapo wakiwa wameshiba.

Tukawaita watu wa kujaribu. Dada mmoja alicheza saa nzima, akafika barazani, akayaona maandishi, akavuta pumzi. "Hapa pazuri pa kuachia," akasema, na akaweka rimoti mezani. Nikaandika kwenye daftari langu: imekubali. Alivaa koti. Aliweka begi begani, akashukuru, akafika mlangoni. Kisha akageuka, akaikamata rimoti akiwa bado amesimama.

"Samahani kaka, usizime kwanza," akasema. "Naangalia tu kama kesho kuna mvua."