Kibali kilichoondoka na dereva

Nikiingia yadi yoyote ya mbao, iwe Gikomba au Kariobangi hapa Nairobi, huanza kwa kuuliza mzigo wa mwisho ulishuka lini na karatasi zake ziko wapi. Siku ya mzigo hukumbukwa mara moja. Kuhusu karatasi, watu hutazamana. Juzi mama mmoja ninayemsaidia alinijibu, "Mwanangu, kibali kilikuwepo. Dereva aliondoka nacho."

Nilimwamini. Mbao zake ni saipresi ya shambani kutoka Nyandarua, na lori lilipita vizuizi vyote bila shida. Lakini afisa akifika yadini leo, rundo lile halina wa kulitetea, na anayeulizwa ni yeye aliye nalo.

Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, mbao hazisafirishwi bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kibali huonyesha mbao zimetoka wapi, ni za mti gani, ni kiasi gani na zinaelekea wapi. Madereva hukichukulia kama karatasi ya barabarani tu, ya kumwonyesha polisi. Mimi naona yadi inakihitaji kuliko lori, kwa sababu safari huisha kwa siku moja na mbao hukaa yadini miezi.

Njia ya karatasi hukatikia hapa: lori moja hugawiwa yadi tatu au nne, na kibali kina jina la broka aliyeleta mzigo. Kila mwenye yadi hushusha vipande vyake, hulipa, basi. Kwa hiyo nawasihi wateja wangu kwamba kabla tanboi, msaidizi wa dereva, hajashusha hata ubao mmoja, kibali kipigwe picha pamoja na namba ya gari. Kisha chukua nakala, andika nyuma yake umeshusha vipande vingapi vya saizi gani, na broka atie sahihi. Broka akikataa kuonyesha kibali, mwache aende, hata kama bei yake ni tamu. Hapo silegezi.

Halafu piga hesabu. Ubao wa inchi nne kwa mbili wenye urefu wa futi 12 una takriban mita za ujazo 0.019. Yaani mita moja ya ujazo ni kama vipande 53. Kibali kikisema mita za ujazo 10 za mbao zilizopasuliwa, tarajia vipande karibu 530. Ukihesabu 800 juu ya lori, hizo ni mita 15, na vipande 270 vimepanda mahali ambapo kibali hakikutaja. Hesabu hii nimeiandika kwa kalamu nene kwenye kuta za yadi kadhaa, na wanaoitumia zaidi ni vijana wa kupakua, kwa kuwa wao ndio wanaohesabu.

Mbao za kutoka nje zina mambo yake. Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, iliyoanza Februari 2018, iliwasukuma wengi kutegemea miti ya mashambani na mbao za nchi jirani. Rais alitangaza kuiondoa Julai 2023, lakini kufikia wakati huo sheria nyingine ilikuwa imebadilika na mafundi wengi wa samani hawakuisikia. Tangu Februari 2023, mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika wamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Biashara yake haijapigwa marufuku. Magogo na mbao zilizopasuliwa zikivuka mpaka zinahitaji kibali cha CITES cha nchi zinakotoka, juu ya cheti cha afya ya mimea na karatasi za forodha. Fundi anayenunua vipande sita vya mninga hatapewa kibali chake peke yake, kwa hiyo amuulize muuzaji nakala ya kile cha mzigo mzima.

Tafadhali usitosheke na neno "mahogani" kwenye risiti. Hapa Nairobi huitwa hivyo karibu kila ubao mwekundu. Tafuta jina la kisayansi kwenye kibali: Khaya ni mkangazi, Pterocarpus ni mninga, Afzelia ni mkongo. Jina hilo ndilo linaloamua unahitaji karatasi gani.

Inaniuma kwamba mzigo huu wa karatasi unamwangukia mtu mwenye yadi ya futi 20 kwa 40, asiye na karani wala kompyuta. Ndiyo maana naunga mkono yadi jirani kuweka faili moja la pamoja na kumlipa kijana mmoja alitunze.

Tukirudi kwa mama yule, rundo lake bado lipo na hatujakata tamaa. Afisi iliyotoa kibali hubaki na kumbukumbu yake, ila lazima uende na tarehe na namba ya gari. Tarehe tumeipata kwenye simu yake, katika ujumbe wa M-Pesa wa siku aliyomlipa dereva, na jina la dereva limo humo humo. Dereva amepigiwa na ametupa namba ya lori. Alhamisi tunapanda matatu ya asubuhi kwenda Nyandarua.