Mbwa wa kwenda Ujerumani: tiketi ije mwisho

"Daktari, ndege ni wiki tatu zijazo, huyu mbwa achanjwe nini?" Wiki tatu hazitoshi, na hakuna pesa ya kufupisha muda unaotakiwa. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya umeziondolea kipimo cha kingamwili za kichaa cha mbwa. Mbwa au paka anayetoka huku lazima apimwe damu, kisha asubiri miezi mitatu. Anayeanza bila chochote mkononi anahitaji miezi minne kamili. Mimi humwambia mteja ahesabu mitano.

Chipu ndiyo ya kwanza, kabla ya chanjo. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele kinachochomwa chini ya ngozi, katikati ya mabega, chenye namba ya tarakimu 15 (viwango vya ISO 11784 na 11785). Chanjo ya kichaa iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiki, hata kama kadi imejaa mihuri, kwa sababu hakuna kinachothibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa siku ile ndiye huyu. Vyote viwili vinaweza kufanyika siku moja, mradi chipu itangulie. Kila mara kabla ya kuchoma sindano au kutoa damu, pitisha skana, usome namba kwa sauti, na mtu wa pili ailinganishe na ile iliyoandikwa kwenye kadi. Tarakimu moja ikipishana kati ya kadi na majibu ya maabara, karatasi hizo mbili zinakuwa za wanyama wawili tofauti.

Chanjo yenyewe inakubalika mnyama akiwa ametimiza wiki 12, na iwe ya virusi vilivyouawa au ya rekombinanti (iliyotengenezwa kwa kuunganisha jeni), si ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Inatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, ikiganda, itupe. Na tafadhali, ile chanjo ya mchanganyiko (distempa, parvo na wenzake) ni nzuri kwa mbwa wako, lakini afisa wa mpakani haitaki. Anatafuta ya kichaa tu.

Damu inatolewa siku 30 au zaidi baada ya chanjo. Tunakamua mililita chache, tunaiacha igande, tunaizungusha kwenye mashine, kisha tunanyonya seramu, yaani majimaji yanayobaki juu. Seramu safi ina rangi ya chai ya rangi iliyokolea kidogo tu. Ikiwa ya waridi au nyekundu, chembe za damu zimepasuka, pengine kwa sindano nyembamba au chupa iliyotikiswa, na maabara inaweza kuikataa. Maabara lazima iwe imeidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Onderstepoort ya Afrika Kusini ni mojawapo. Majibu yanayokubalika ni yuniti 0.5 za kimataifa kwa mililita, au zaidi.

Wanaofeli mara nyingi ni mbwa waliochanjwa dozi moja tu maishani, kisha damu ikachelewa kutolewa kingamwili zikiwa zimeshaanza kushuka. Kwa mbwa wa namna hiyo napendelea dozi ya pili baada ya mwezi, na siku 30 nazihesabu kuanzia hiyo ya pili, asiwepo wa kubisha.

Miezi mitatu inahesabiwa tangu siku damu ilipotolewa, si siku majibu yalipofika. Tuseme chipu na chanjo ni Januari 5, damu Februari 6: mbwa anaingia Ulaya kuanzia Mei 7. Chanjo ikirudiwa kabla haijaisha muda wake, kipimo hicho kinabaki halali maisha yote. Ikipitwa hata kwa siku moja, unaanza upya, pamoja na miezi mitatu mingine.

Cheti cha afya ndipo watu makini wanapoteleza. Husainiwa na daktari wa serikali, na mnyama anatakiwa kufika ndani ya siku 10 tangu kisainiwe. Sahihi iwe ya rangi tofauti na maandishi yaliyochapwa, ndiyo maana tunatumia wino wa bluu. Vipengele visivyohusika hukatwa kwa mstari. Lugha ni Kiingereza pamoja na lugha ya nchi ya *kuingilia*. Ukipitia Paris kwenda Berlin, nchi hiyo ni Ufaransa, na cheti cha Kijerumani hakikusaidii. Ambatanisha pia tamko lako kwamba mnyama hauzwi. Nawe usafiri ndani ya siku tano kabla au baada ya mnyama.

Karatasi zikikosea, mnyama hurudishwa alikotoka au huwekwa karantini kwa gharama yako, na sheria inaruhusu hata auawe pale njia nyingine zinaposhindikana. Kuna pia mbwa ambao Ujerumani haiwataki kabisa, pitbull na Staffordshire wakiwamo.

Usimpe dawa ya usingizi. Angani inashusha shinikizo la damu na kuvuruga upumuaji, na hakuna wa kumtazama kule chini ya ndege. Mzoeshe kizimba wiki kadhaa kabla, alale humo na ale chakula humo. Kiwe na nafasi ya kusimama na kugeuka.

Kwa Uingereza, ratiba ya chanjo na damu ni ile ile, ila anaingia kama mzigo wa ndege, si kabini, na mbwa anapewa dawa ya tegu na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika.

Na ninyi mnaoishi Ujerumani mkitaka kuja na mbwa likizo Zanzibar: mpimeni damu huko huko kabla ya kuondoka, daktari aandike majibu kwenye pasipoti ya mbwa. Mkirudi hamtadaiwa miezi mitatu.