Mkate mkavu haunoi magego ya simbilisi
Wengi tunaofuga simbilisi tumeambiwa tangu utotoni: mtupie kipande cha mti au mkate mkavu, atajinoa meno. Si hivyo. Simbilisi ana meno 20, manne tu ya mbele, na yote hukua maisha yake yote. Yale ya mbele husuguana yenyewe kwa yenyewe. Yanayoleta balaa ni magego, yaliyojificha ndani ya mashavu, na hayo hupunguzwa na kutafuna nyasi kwa saa nyingi kila siku. Mkate hulainika kwa mate na kumezwa upesi.

Nyasi zikikosekana, magego ya chini huweza kuinamia ndani hadi yakakutana juu ya ulimi kama daraja, ulimi ukabanwa. Utamwona anakimbilia chakula, anakigusa, anakiacha. Kidevu kimelowa mate. Ana njaa, maskini, ila kumeza hawezi. Tafadhali usimkate meno kwa kikata kucha: jino huweza kupasuka hadi kwenye mzizi. Daktari wa mifugo humlaza kwa dawa ya usingizi, kisha huyasaga magego taratibu. Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni; mara nyingi uzito huanza kushuka kabla hujaona mate.