Miki Biasion na Safari Iliyowashinda Lancia

Kila ninapomtaja Miki Biasion, dereva wa rali wa Italia, katika makala zangu za historia ya rali, wapo wasomaji wanaonikumbusha kwamba mataji yake mawili ya dunia, la mwaka wa 1988 na la 1989, yalitokana na ubora wa Delta, gari la kampuni ya Italia ya Lancia, kuliko ufundi wa dereva mwenyewe. Sikatai kwamba Delta iliwazidi wapinzani wake wa wakati huo. Ninachokataa ni dhana kwamba gari zuri hujifikisha lenyewe mwisho wa mbio, na ushahidi wangu nautoa Kenya, ambako Lancia walikuwa wameshindwa miaka mingi wakiwa na magari yaliyotamba kwingineko.

Aliyetangulia kubeba mzigo huo ni Sandro Munari, Mwitaliano aliyeshinda rali ya Monte Carlo mara nne. Mwaka wa 1974 alimaliza Safari Rally, rali ya Kenya, akiwa wa tatu kwa Lancia Fulvia, mwaka uliofuata akawa wa pili kwa Lancia Stratos, nyuma ya Ove Andersson wa Peugeot, na mwaka wa 1977 akawa wa tatu tena. Stratos iliwapa Lancia ubingwa wa dunia wa watengenezaji miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1974 hadi 1976, lakini gari hilo halikuwahi kushinda Safari.

Sababu yake inaeleweka kwa anayejua jinsi Safari ya zamani ilivyoendeshwa. Mbio hizo za Pasaka, zilizopita maelfu ya kilomita, hazikuwa na sehemu fupi za barabara zilizofungwa kwa ajili ya mashindano kama ilivyo leo. Dereva alipangiwa muda wa kutoka kituo kimoja cha ukaguzi hadi kingine, muda ambao katika sehemu ngumu haukumtosha mtu yeyote, na kila dakika aliyochelewa ilihesabiwa kuwa adhabu. Kwa kuwa barabara zilikuwa wazi kwa umma, alikutana na malori, matatu na makundi ya ng'ombe, ndiyo maana timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya gari ili imtahadharishe dereva kwa redio. Mvua ikinyesha, njia ya vumbi iligeuka tope la kumeza magurudumu. Aliyekuja na kasi yake ya Ulaya alizimaliza shokomzoba kabla ya chakula cha mchana, na hapo natia chumvi kidogo tu.

Biasion alizaliwa Bassano del Grappa, kaskazini mwa Italia, mnamo Januari 1958. Mwaka wa 1983 alitwaa ubingwa wa Ulaya kwa Lancia 037, na mwaka wa 1986 akapata ushindi wake wa kwanza katika rali za ubingwa wa dunia huko Argentina akiendesha Delta S4, mojawapo ya magari makali ya Kundi B, daraja la magari ya rali yenye nguvu kubwa mno. Mwaka huohuo, mwezi Mei, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto walifariki katika gari la aina hiyo kisiwani Corsica, na Kundi B likapigwa marufuku. Kanuni za Kundi A, zilizoanza kutawala mwaka wa 1987, zilidai gari la mbio litokane na gari la kawaida lililotengenezwa kwa maelfu. Lancia walikuwa tayari na Delta yenye kuendeshwa na magurudumu yote manne, huku wengi wa washindani wao wakikosa gari la kulinganishwa nayo. Mwaka huo, kwa gari lilelile, Juha Kankkunen, dereva mwenzake wa Lancia kutoka Finland, alimpita Biasion katika ubingwa. Jambo hilo nalikiri.

Pasaka ya 1988 ndipo hesabu ilipobadilika. Delta Integrale ilikuwa mpya kabisa, yenye madigadi mapana zaidi ya kupokea matairi makubwa, na Biasion akiwa na mwelekezi wake Tiziano Siviero akashinda Safari mbele ya Mike Kirkland, dereva wa Kenya aliyeendesha Nissan. Mwitaliano wa kwanza kuishinda Safari hakuishia hapo, kwani mwaka wa 1989 alirudi akashinda tena, na Kirkland akawa wa pili tena. Ushindi wa kwanza ungeweza kuitwa bahati. Kuurudia mwaka uliofuata, katika mbio zinazovunja magari kama zile, kwaonyesha dereva anayejua mahali pa kukanyaga mafuta na mahali pa kulihurumia gari.

Ukiitazama orodha yake ya ushindi 17, utaona tabia ileile. Acropolis ya Ugiriki, mbio za mawe makali na joto kali, aliishinda mara tatu. Argentina mara tatu, Ureno mara tatu, Sanremo ya nyumbani kwao mara tatu. Finland, ambako magari huruka vilima kwa kasi ya kutisha, haimo kabisa, wala Corsica haimo. Kwa hiyo simwiti dereva mwepesi kuliko wote wa enzi yake. Kankkunen na Mfini mwenzake Markku Alén wana haki ya kulalamika nikisema hivyo.

Wanaolisifu gari peke yake husahau mwaka wa 1993. Biasion alikuwa amekwisha kuhamia Ford, na ushindi wake wa mwisho wa dunia aliupata Acropolis, juu ya mawe yaleyale, akiwa kwenye usukani wa Escort Cosworth.